Nati Zilizobaki Kwenye Ndoo

Mwalimu mmoja wa huku kwetu Kakamega alikuwa na Toyota Probox yenye rimu za chuma za inchi 14. Mashimo ya njia ya Shinyalu yalipinda mbili kati ya hizo. Fundi alizigonga zikanyooka kidogo, lakini kila asubuhi tairi moja lilikuwa limekaa chini. Mwalimu akaona heri atafute seti ya mitumba.

Uamuzi huo haukuwa na kosa. Rimu iliyovuliwa kwenye gari lililotoka Japani mara nyingi ni bora kuliko mpya ya kuigiza inayong'aa dukani, bora tu uigeuze uangalie upande wa ndani kama ina ufa au alama ya kuchomelewa. Muuzaji humwonyesha mteja uso wa rimu. Mgongo ndio wenye habari.

Muuzaji aliyempata alikuwa na rimu nne za alumini za Honda Fit, safi, kwa bei ambayo mshahara wa mwalimu uliweza kuibeba. "Mwalimu, hizi ni za Fit, lakini kwa Probox zinaingia. Zote ni nne kwa mia."

Muuzaji hakudanganya hata neno moja. Nne kwa mia maana yake ni stadi nne zilizopangwa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 100, na Probox na Fit zote ziko hivyo. Hata uzi wa nati ni mmoja: milimita 12, hatua ya 1.5. Jeki ikapandishwa, rimu zikaingia, nati za Probox zikafungwa kwa mkono bila kukwama, kisha wili spana ikamalizia. Mwalimu alilipa, akaondoka na gari lililoonekana jipya. Nati za Fit, zilizokuja na rimu hizo kutoka kwa mwenyewe wa kwanza, zilibaki kwenye ndoo ya muuzaji. Hakuna aliyeziulizia.

Alipofika kasi ya 80 kwenye lami ya kwenda Kisumu, usukani ulitetemeka. Akaenda kufanyiwa balansi. Mashine ikaonyesha sifuri kila upande, akalipa, akatoka, usukani ukatetemeka vilevile. Akalaumu mashine.

Mashine ilikuwa sahihi. Tundu la katikati la rimu ya Fit lina upana wa milimita 56.1, na habu ya Toyota ndogo kama Probox ni 54.1. Mashine ya balansi hushika rimu kwa koni inayojaza tundu lote, kwa hiyo pale gurudumu linazunguka katikati kabisa. Kwenye gari, rimu imekaa juu ya habu iliyo nyembamba kuliko tundu lake, na inaweza kukaa kando kidogo bila mtu kuona. Dawa yake ni pete nyembamba ya plastiki au alumini ya kujaza nafasi hiyo, nje 56.1, ndani 54.1. Ni kitu cha bei ndogo, lakini wauzaji wengi hawalitaji jina lake, kwa sababu mteja naye haiulizi.

Mtetemo, hata hivyo, ulikuwa tatizo lake dogo. Baada ya siku kadhaa za barabara ya murram alianza kusikia tok, tok kila akikanyaga breki. Akakaza nati. Kesho yake zikawa zimelegea tena. Safari hii akasimama juu ya spana kwa uzito wake wote, akaamini ameshinda. Siku iliyofuata, akitoka Khayega na abiria wawili, gurudumu la nyuma lilimpita kando likaingia shamba la mahindi, na gari likaburuza kitako chake kwenye lami hadi likasimama. Mungu alisaidia, hakuna aliyeumia. Stadi mbili zilikatika, na matundu ya rimu yalikuwa yamechakaa hadi kuwa mayai.

Fundi mzee aliyeitwa kulivuta gari hakuuliza mengi. Aliokota nati moja, akaitia kwenye tundu la rimu, akampa mwalimu aangalie. "Umeona hapo, mwalimu? Inagusa ukingoni tu."

Nati ya Toyota mdomo wake umechongwa koni, mteremko ulionyooka. Rimu halisi ya Honda kikalio chake kimechimbwa mviringo, kama bakuli, kwa sababu nati ya Honda ina mdomo wa mviringo kama mpira wa kuchezea. Koni ikiingia ndani ya bakuli, hugusa mstari mwembamba tu. Mkono utasema imekaza, spana itasema imekaza. Gari likitembea, mstari ule mwembamba wa alumini unabonyea, nguvu ya kukaza inapotea, na nati inaanza safari yake ya kutoka. Kusimama juu ya spana huharakisha mambo, maana huvuta stadi kupita uwezo wake. Toyota hii inahitaji nguvu ya kukaza ya kama Nm 103, ambayo mtu wa kawaida huifikia kwa mkono na spana ya kadiri, bila kuruka.

Ajali hii ingeepukwa kwa nati 16 zilizokuwa ndani ya ndoo. Uzi ni ule ule, kwa hiyo nati za Honda zingefunga kwenye stadi za Toyota, na zingekaa barabara kwenye rimu za Honda.

Kinyume chake kina tatizo lingine. Rimu ya Probox haiingii kwenye Fit, tundu lake ni dogo kuliko habu, na nimeona watu wakipanua tundu kwa grainda, kazi ambayo siwezi kuipendekeza kwa adui. Wenye Subaru nao wajue kwamba uzi wa stadi zao ni hatua ya 1.25. Nati ya Toyota ikilazimishwa pale kwa mashine ya upepo, itaharibu stadi. Na rimu za matundu matano hazipimwi kwa macho: pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lile la pili yake, ukiruka moja. Ukipata takriban milimita 95, ni tano kwa mia, ya Impreza za zamani. Ukipata karibu 109, ni ya 114.3, kama Noah. Rimu zikija na tairi, soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT kwenye tairi. 2316 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016, hivyo ni la zamani hata kama kashata, yaani meno yake, bado ni nene.

Kwa hiyo ukienda kununua, chukua nati moja ya gari lako mfukoni na rula. Taja gari lako, uliza rimu ilitoka gari gani, na usitoe pesa kabla muuzaji hajakupa nati zake.