Miguu Hii ni ya Nani?



Mwaka wangu wa mwisho wa falsafa tulikuwa tunapangiwa kutembelea wagonjwa kila Jumamosi. Mimi nilipangiwa wodi ya mifupa. Humo alikuwemo kijana wa rika langu, dereva wa bodaboda, aliyevunjika uti wa mgongo kwenye ajali. Kuanzia kitovuni kwenda chini alikuwa hasikii kitu, wala hawezi kutikisa hata kidole.

Siku ya kwanza nilifanya kosa ambalo bado linaniuma. Nilimsomea Marko sura ya pili, yule mwenye kupooza aliyeshushwa kupitia darini, kisha nikamwambia kwa uhakika kabisa, "Kaka, na wewe utatembea." Alinitazama, akageuzia uso ukutani. Mama yake ndiye aliyeitikia amina. Mimi nikatoka pale najiona nimehubiri.

Wiki ya tatu akanionyesha video kwenye simu. Mtu amekaa kwenye baiskeli ya magurudumu matatu, ameegemea nyuma, mapaja yamebandikwa vipande vyenye nyaya, na miguu inakanyaga pedali. Mwenyewe amepooza kama yeye.

"Frateri, wewe si unasoma falsafa? Haya niambie. Anayeendesha hapo ni nani, yeye au umeme?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Maana kama ni umeme, basi hata hiyo miguu siyo yake. Kama hii yangu. Hii ni mizigo tu wamenifungia."

Nilidhani ni uchungu unaongea. Baadaye muuguzi akaniambia kwamba anakataa kugeuzwa usiku, na kisigino kimoja kimeanza kidonda. Kwa mtu aliyepooza kidonda cha namna hiyo si cha mchezo, kinaweza kumpeleka kaburini. Na yeye anaona ya nini kusumbuliwa usingizini kwa ajili ya miguu isiyo yake? Hapo ndipo nilipoelewa kuwa lile swali halikuwa la kupitisha muda.

Nikaenda kusoma kuhusu hizo baiskeli. Ubongo ukitaka mguu usogee, hutuma ishara kupitia mishipa ya fahamu iliyo ndani ya uti wa mgongo. Njia hiyo ikikatika, ishara haishuki. Lakini kwa wengi misuli ya miguu yenyewe ni mizima, na mishipa inayotoka kwenye uti chini ya jeraha nayo ni mizima. Kwa hiyo ukipitisha umeme mdogo kwenye ngozi, msuli unajikaza. Kompyuta inasoma pedali imefika wapi katika mzunguko, inaamsha msuli wa mbele ya paja, inaupumzisha, inaamsha wa nyuma, kisha wa makalio, kulia halafu kushoto. Miaka ya 1980 kazi hii ilisukumwa sana na Jerrold Petrofsky na wenzake katika Chuo Kikuu cha Wright State, Ohio, Marekani. Haimfai kila mtu. Mshipa unaoingia kwenye msuli wenyewe ukiwa umekufa, umeme huo hauamshi kitu, na mifupa iliyokaa muda mrefu bila kubeba uzito huwa dhaifu, kwa hiyo daktari lazima apime kwanza. Anayeweza kuitumia mara kwa mara hujenga misuli, damu yake huzunguka vizuri zaidi, na moyo na mapafu hupata mazoezi. Lakini haiungi uti uliokatika. Nalisema hilo wazi kwa sababu ya lile kosa langu la siku ya kwanza.

Tarehe 8 Oktoba 2016, huko Kloten karibu na Zurich, Uswisi, yalifanyika mashindano ya kwanza ya Cybathlon, na mbio mojawapo ilikuwa ya baiskeli hizi. Alishinda Mark Muhn wa timu ya Cleveland, Marekani, ambaye elektrodi zake zilipandikizwa mwilini kwa upasuaji. Kilichonivutia mimi ni uchovu. Msuli unaoamshwa kwa umeme huchoka haraka mno, kwa sababu nyuzi zilezile zinaitwa kazini kwa pamoja bila kupokezana. Ukifungulia umeme wote mwanzoni, umekwisha kabla ya kumaliza. Inabidi upime na ujizuie. Na kabla ya siku hiyo, ni miezi mingi ya mazoezi hadi paja lililonywea lijae. Umeme hauna mpango. Hauamki asubuhi umechoka ukasema, twende hivyohivyo.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anatenganisha tendo la kibinadamu, linalotoka kwenye akili na utashi, na tendo linalomtokea mtu tu bila kukusudia. Mfano wake unachekesha: mtu anasogeza mguu au anajikuna ndevu huku mawazo yako kwingine. Sasa mimi nina tabia ya kutikisa mguu chini ya dawati (mlezi ameshanikemea zaidi ya mara moja). Mguu wangu unasogezwa na mishipa yangu, hakuna waya popote, na bado si tendo la kibinadamu. Yule wa kwenye video amekusudia, amechagua, anajua anakwenda wapi. Kati yetu wawili, ni nani anayetenda zaidi?

Utasema, basi hata nikiwasha feni, ni mimi ninayepuliza? Pingamizi zuri, na lilinisumbua siku nzima. Lakini feni haichomi chakula nilichokula mimi, wala haiufanyi moyo wangu udunde. Lakini jibu hilo linategemea kwamba ule mguu ni wake kweli, tofauti na feni. Na hilo ndilo kijana alilokuwa analikataa.

Hapa elimu yangu ilinitia aibu. Descartes, katika Tafakari yake ya sita ya mwaka 1641, anasema sisi hatumo mwilini kama nahodha chomboni. Nahodha huona kwa macho kwamba chombo kimetoboka, wakati mimi mwili wangu ukijeruhiwa naumia. Niliipenda hoja hiyo mpaka nikaipigia mstari. Halafu nikamkuta muuguzi akimfundisha yule kijana kutumia kioo kidogo kukagua nyayo na visigino vyake, kwa kuwa kidonda hawezi kukisikia. Nahodha kabisa, anakagua chombo! Kama kuumia ndiko kunakoufanya mwili uwe wangu, basi yeye alikuwa sahihi, ule ni mzigo.

Thoma anaanzia chini zaidi. Kwake roho ni umbo la mwili, na imo nzima katika kila sehemu ya mwili ulio hai. Mguu hausubiri kuhisi wala kutii amri ndipo uwe wangu. Ni wangu kwa kuwa unaishi uhai wangu. Ugali anaokula yule kijana unafika mpaka kwenye dole gumba. Kidonda kikisafishwa na kuondolewa uzito, nyama mpya inaota. Najua wenzangu wa falsafa mtanirushia vyura wa Galvani, ambao miguu yao ilirukaruka kwa umeme hali wamekufa. Sawa. Lakini chura yule hakunenepa paja baada ya wiki kadhaa za mazoezi.

Sikumwambia maneno hayo yote, ningemchosha. Nilimuuliza tu kucha za miguu alikatwa lini.

"Mama alinikata juzi."

"Kwa nini?"

"Si zilikua."

"Zilikua za nani?"

Akanyamaza. Kisha akasema, "Wewe Frateri wewe," na kwa mara ya kwanza akacheka. Jumamosi iliyofuata muuguzi alisema sasa anakubali kugeuzwa. Siku nyingine bado anagoma.

Nami niliirudia Marko sura ya pili peke yangu. Nilikuwa nimekimbilia kitanda kubebwa, nikaruka kwamba Yesu anamwita yule mtu mwana wakati bado amelala pale chini, hajasogeza hata unyayo. Nilimkumbuka pia Christopher Reeve, yule mwigizaji aliyevunjika shingo mwaka 1995, akafanya mazoezi kwa baiskeli ya namna hii, akarudishiwa hisia kiasi na kusogeza vidole. Hakutembea tena mpaka alipofariki mwaka 2004. Ningekuwa mimi pembeni ya kitanda chake na ule uhakika wangu, ningemwambia nini mwaka wa tisa?

Baiskeli ya umeme kijana wangu hakuipata, hospitali ile haikuwa nayo. Aliondoka na ile ya magurudumu matatu ya kuzungusha kwa mikono. Mwezi uliopita alinitumia picha akiwa juu yake nje ya kwao, miguu imekaa vizuri kwenye kibao chake, imevalishwa raba nyeupe mpya.

"Frateri, raba zangu unazionaje?"

Nikamjibu kwamba kamba ya kushoto imefunguka.