Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 19: Jaji wa Mwanza na kibanja cha Muleba



Akina baba, akina mama, vijana wetu wa Bukoba, Muleba na popote mlipo, poleni na swaumu. Leo tusome kesi. Ndiyo, kesi ya mahakamani. Inatoka hapa hapa kwetu, na wengi tumeisikia jina tu.

Mwaka 1988, tarehe 24 Agosti, mwanamke mmoja wa Kihaya wilayani Muleba aliuza ardhi ya ukoo. Alikuwa ameirithi kwa baba yake, kwa wasia halali. Aliiuza shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo wake. Mwanamume mmoja wa ukoo akaenda Mahakama ya Mwanzo Kashasha, akadai mauzo yafutwe kwa sababu, kwa mila ya Kihaya, mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo.

Sasa tusiwadharau wazee. Kibanja kwetu siyo shamba tu. Kuna migomba, kuna kahawa, kuna nyumba, na makaburi ya babu zetu yamo humo humo. Mzee anaogopa binti akiolewa ataondoka na kaburi la babu kulipeleka ukoo mwingine. Hofu hiyo naielewa. Tena ilikuwa imeandikwa: Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963 linasema mwanamke anaweza kurithi, ila ardhi ya ukoo ataitumia tu, hatauza, labda ukoo uwe hauna mwanamume. Mahakama ya Mwanzo ikafuata hivyo. Mauzo yakafutwa, mama akaamriwa arudishe pesa.

Rufaa ikaenda Mahakama ya Wilaya, Muleba. Huyu hakimu wa wilaya watu humsahau, lakini yeye ndiye aliyegeuza jambo kwanza. Alisema Hati ya Haki za Binadamu imeshaingia kwenye Katiba, na mwanamke ana haki sawa na mwanamume. Hati hiyo iliingizwa mwaka 1984, lakini watu waliruhusiwa kuidai mahakamani kuanzia Machi 1988 tu. Yaani kibanja kiliuzwa miezi mitano baadaye!

Mwanamume wa ukoo naye akakata rufaa. Kesi ikavuka ziwa hadi Mahakama Kuu Mwanza, ikaangukia meza ya Jaji James Mwalusanya. Vitabu vya sheria vinaiita Ephrahim dhidi ya Pastory, hukumu ya tarehe 22 Februari 1990.

Jaji alikuwa na njia rahisi ya kutokea. Mwaka 1968 Mahakama Kuu hiyo hiyo, katika kesi nyingine ya Wahaya, ilisema inawaonea huruma wanawake, lakini kubadili mila siyo kazi ya mahakama, wenye mila wabadilishe wenyewe. Mwalusanya angeweza kujificha nyuma ya maneno hayo na hakuna ambaye angemlaumu. Hakujificha. Alisema mila inayombagua mwanamke inapingana na Katiba, na tangu sasa Wahaya wanaume na wanawake wana haki sawa juu ya ardhi ya ukoo.

Lakini hebu tazameni alivyomalizia, maana hapa ndipo naiona hekima yake. Hakumfukuza yule mwanamume. Kwa mila, mwanamume wa ukoo akiuza ardhi bila idhini, ndugu zake wanaweza kuikomboa kwa kulipa bei iliyouziwa. Jaji akasema kanuni hiyo hiyo itumike kwa mwanamke: unakitaka kibanja? Lipa shilingi 300,000 ndani ya miezi sita. Ukishindwa, ni cha mnunuzi. Ukoo ukabaki na heshima yake, mama akabaki na haki yake.

Nikisoma hapo nakumbuka mke wa Saad bin Rabii (r.a.). Mumewe alikufa shahidi Uhud, akaacha mabinti wawili. Ami yao akabeba mali yote. Mama akawachukua mabinti akaenda kwa Mtume (s.a.w.), akasema hawa wataolewaje bila mali? Mtume akamwambia Allah atahukumu katika jambo hilo. Zikateremka aya za mirathi katika Surat An-Nisaa. Ami akaitwa, akaamriwa awape mabinti theluthi mbili, mama yao thumuni, na kilichobaki ni chako wewe. Ami naye hakutoka mikono mitupu. Ila alitanguliwa na wenye haki.

Kuna mtu ataniandikia: Ustadhi, jaji huyo alihukumu kwa Katiba, hakuhukumu kwa Qur'ani, na sisi mafungu yetu yamepangwa, siyo usawa wa moja kwa moja. Ni kweli, na sifichi. Mtoto wa kiume ana mafungu mawili, wa kike moja, na siyapunguzi wala siyaongezi. Lakini tuambiane ukweli, jamani. Dada zetu wa Kamachumu na Kanyigo hawalalamiki kwamba wamepewa fungu moja badala ya mawili. Wanalalamika kwamba hawakupewa kitu! Mabishano ya moja na mbili utayaleta siku utakayokuwa umempa hilo moja.

Na yule mama wa Muleba alihitaji wasia wa baba yake ndipo apate. Binti wa Kiislamu hahitaji hata huo, maana fungu lake limetajwa na Mola wake kabla baba hajazaliwa. Aya ya 7 ya An-Nisaa inasema wanawake wana fungu katika walichoacha wazazi, kiwe kidogo au kingi. Kidogo au kingi, yaani hata migomba kumi imo.

Tatizo letu ni hili. Mahakama za mwanzo Tanzania zinasikiliza mirathi kwa sheria ya mila na pia kwa sheria ya Kiislamu. Zinaangalia marehemu aliishi maisha gani. Basi unakuta mzee amefunga Ramadhani miaka sitini, amezikwa Kiislamu, tumemsomea hitima, halafu kikao cha ukoo kikikaa baada ya matanga watoto wa kiume wanasema, sisi ni Wahaya, twende kwa mila. Uislamu umeishia makaburini. Na wanaosema hivyo tuko nao safu moja kwenye tarawehe.

Mtume (s.a.w.) amesema makadhi ni watatu, wawili motoni na mmoja peponi. Wa peponi aliijua haki akahukumu kwayo. Wa motoni mmoja aliijua akaipinda, mwingine alihukumu kwa ujinga. Tukisikia hivyo tunawafikiria wenye majoho. Lakini mwenyekiti wa kikao cha ukoo ni nani? Kaka mkubwa anayesema "hiki cha fulani, hiki cha fulani, wewe umeshaolewa" anafanya kazi gani? Huyo amekaa kwenye kiti kile kile alichokaa Mwalusanya, tena bila mwanasheria na bila rufaa, kwa kuwa dada anaogopa kugombana na ndugu zake.

Jaji Mwalusanya hakushinda kila mahali. Mwaka 1994, akiwa Dodoma, alitamka kwamba adhabu ya kifo inapingana na Katiba, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu yake. Suala hilo lina maoni mengi na leo siliingii. Nalitaja kwa sababu jaji anayejua kuna mahakama juu yake huandika kwa makini, anaweka sababu zake wazi ili wa juu wazipime. Sisi tulio juu ya mkeka wa matanga tunasahau kwamba nasi tuna Mahakama juu yetu. Baada ya aya za mirathi, aya ya 13 na 14 zinasema hiyo ndiyo mipaka ya Allah, na anayeivuka ana moto.

Sheria ya nchi nayo imesogea. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Lakini makaratasi hayaendi kumwamsha kaka usiku amwite dada yake.

Kwa hiyo kama kuna kibanja hakijagawanywa, au kiligawanywa dada hayupo, zimebaki siku kumi na moja hivi. Mpigie simu leo baada ya futari. Kaeni na sheikh mnayemwamini apige hesabu ya mafungu. Mirathi ikifunguliwa mahakama ya mwanzo, semeni wazi kwamba marehemu alikuwa Muislamu na mnataka igawanywe Kiislamu. Kama kibanja ni kidogo hakigawanyiki na mnaogopa kiende nje ya ukoo, fanyeni kama alivyosema jaji: mlipeni thamani ya fungu lake, pesa mkononi mwake, kibanja kibaki kwenu.

Maswali ya mirathi nitumieni pembeni, siyo hapa, maana mengine yana majina ya watu na wengine wamo humu humu. Kesho in shaa Allah tutaanza kuzungumzia kumi la mwisho na itikafu.

Wabillahi tawfiq.