Mdhamini wa Mgeni

Maandiko ya wiki: Filemoni 8–22; Mithali 11:15; Waebrania 7:22



Wiki hii naongea hasa na wewe uliyekuja Nakuru juzi. Labda una wiki mbili hapa, labda una mwaka mzima na bado unajiona mgeni. Wenyeji nao wakae karibu, maana neno litawafikia kabla hatujamaliza.

Mji wetu ulipewa hati ya kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, jiji la nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Hata kabla ya hapo, sensa ya 2019 ilihesabu watu 2,162,202 katika kaunti yetu. Na bado watu wanashuka kwa matatu kila siku, kutoka Baringo, Nyandarua, Kisii, Kakamega na Turkana, wakiuliza njia ya kwenda Kaptembwo, Rhonda, Free Area au Lanet.

Ukifika, jiji linakuuliza swali moja tu: nani anakujua? Ukitafuta nyumba, mwenye ploti anataka kodi ya mwezi wa kwanza na depositi juu yake. Ukitafuta kazi, unaambiwa ulete cheti cha tabia njema cha polisi na nambari za simu za watu wanaoweza kukushuhudia. Ukitaka mkopo, unaulizwa wadhamini wako ni akina nani. Kule nyumbani ulikuwa mtoto wa fulani. Mwenye duka alikuandikia unga na sukari kwa daftari kwa sababu anamjua babako. Hapa babako hajulikani.

Mtu akishazoea kuulizwa hivyo kila mahali, anaanza kudhani hata kwa Mungu ni hivyo. Kijana mmoja aliniambia baada ya ibada, "Pasta, nataka kuokoka, lakini wacha kwanza nijipange." Nikamuuliza kujipanga ni kufanya nini. Akasema apate kazi ya maana, anunue nguo za kuja nazo kanisani, aachane na pombe, halafu ndiyo aje mbele. Dada mwingine, anayefulia watu nguo, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Kuokoka ni pesa ngapi?" Hakuwa anafanya mzaha. Mahali alikokuwa akiombewa, aliambiwa apande mbegu kwanza ndiyo mlango wake ufunguke, na akatoa pesa ya kodi.

Hao wawili nawajibu kwa barua moja fupi sana, barua ya Paulo kwa Filemoni. Ina sura moja na mistari 25. Unaweza kuisoma ukiwa kwa matatu kutoka Lanet hadi mjini.

1. Jiji linakuficha kwa watu, halikufichi kwa deni

Barua hii inamhusu mtu anayeitwa Onesimo. Alikuwa mtumwa wa Filemoni, na kanisa la Kolosai lilikutana katika nyumba ya huyo Filemoni. Onesimo aliachana na bwana wake, na inaonekana aliacha deni au hasara nyuma yake. Akafika mahali Paulo alipokuwa amefungwa. Wengi tangu zamani wanaamini ni Roma, jiji kubwa kuliko yote ya wakati ule. Mahali pazuri pa kupotelea. Nani angemtambua?

Wapendwa, wako watu wamekuja Nakuru kutafuta kazi, na wako waliokuja kujificha. Hapa unaweza kubadilisha laini ya simu, mke aliye nyumbani asikupate. Unaweza kuishi na mtu miezi sita na jirani wa mlango wa pili asijue kama mmeoana. Unaweza kukunywa mshahara wote wa mjengo Jumamosi na hakuna mzee wa kukuita pembeni. Lakini wewe unajua. Usiku stima ikipotea na simu ikiisha chaji, unabaki wewe na mambo yako, na Mungu aliyekuwa kule ushago ndiye yuko Kaptembwo.

Dhambi ni deni. Mnajua vile Fuliza hufanya kazi: pesa ikiingia kwa simu, deni linajichukulia lake kwanza. Ndivyo dhambi inavyofanya kwa maisha. Unapata kazi, lakini deni linakula ile furaha. Unapata mchumba, lakini ule uongo wa zamani unakata chake kwanza. Unahamia nyumba nzuri zaidi, na deni linahama nawe.

2. Mdhamini amepatikana

Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo mnivumilie nikiongea kama mtu wa hesabu. Ukiweka sahihi kwenye fomu ya mkopo ya mwenzako katika Sacco, akiba yako inashikiliwa. Akilipa, unaachiliwa. Akitoroka, inakatwa yako. Ndiyo maana ukiwaona ndugu wanatoka kanisani haraka bila kusalimiana, angalia vizuri, huenda kuna mtu ameingia na fomu.

Na hao ndugu wana andiko. Mithali 11:15 inatuonya kwamba anayemdhamini mgeni ataumia. Haisemi ndugu, inasema mgeni, mtu usiyejua kwao. Huo ni ushauri mzuri wa pesa, na ukiniuliza leo nitakupa huo huo.

Sasa angalia kile Yesu alifanya. Waebrania 7:22 inamwita mdhamini wa agano lililo bora. Alituwekea sahihi sisi tuliokuwa wageni kwa Mungu, na alijua kabisa kwamba hatuna cha kulipa. Mdhamini wa Sacco huweka sahihi akitumaini kwamba mwenye mkopo atalipa. Yesu aliweka sahihi akijua mwenye kulipa ni Yeye. Na neno la Mithali likatimia juu yake: aliumia. Mijeledi, miiba, misumari, kiu, na kufia nje ya mji kama mtu asiye na kwao. Deni lilikatwa kwa mwili wake. Siku ya tatu akafufuka, na hiyo ndiyo risiti yetu kwamba Baba amepokea malipo yote.

Paulo alielewa jambo hili, ndiyo akamwandikia Filemoni kwamba kama Onesimo anadaiwa chochote, deni hilo lihesabiwe kwake yeye, Paulo. Tena akaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba atalipa. Hayo ni maneno ya mtu aliyewahi kulipiwa.

Kwa hivyo, kijana wangu unayetaka kujipanga kwanza, Onesimo alipompata Kristo hakuwa amejipanga. Alikutana na neema kwa mfungwa. Ukijipanga kwanza ndiyo uje kwa Yesu, hutakuja, kwa sababu kujipanga kwa mjini hakuishi. Njoo na ile pombe, ataishughulikia. Njoo na hayo matope ya mjengo kwa viatu.

Na wewe dada yangu, jibu lako ni hili: umelipiwa. Kuna sadaka kanisani, ndiyo, na anayempenda Mungu hutoa. Lakini hakuna mtu, awe nabii, awe askofu, awe mimi, anayeweza kukutoza kwa kitu ambacho Yesu alimaliza kulipia. Akikuitisha pesa ndiyo akuombee upate wokovu, chukua kipochi chako uende nyumbani ulipe kodi.

3. Unarudi ukiwa na barua

Nisikudanganye. Ukiokoka leo, mwisho wa mwezi mwenye ploti bado atabisha. Onesimo naye hakuambiwa akae pale na kusahau ya nyuma. Paulo alimrudisha Kolosai. Fikiria safari hiyo, kila siku unakaribia yule mtu uliyemkosea. Lakini hakurudi vile alivyotoka. Alikuwa na barua ya mdhamini wake mkononi, na Wakolosai 4:9 inamtaja kama ndugu mwaminifu na mpendwa. Jina Onesimo maana yake ni mwenye faida. Paulo anacheza na jina hilo katika mstari wa 11: zamani hakuwa na faida kwa Filemoni, sasa ana faida kwa wote wawili.

Hatutengenezi mambo ili tuokolewe. Tunayatengeneza kwa sababu tumeokolewa, na hatuna tena hofu ya kumtazama mtu usoni. Basi kuna mtu hapa anahitaji kupiga simu nyumbani. Mama yako hajasikia sauti yako tangu uje. Mtoto wako anauliza baba yuko wapi. Hata kama huna pesa ya kutuma, piga. Ulichokopa kwa chama ukatoroka, anza kulipa hata kama ni shilingi mia.

4. Wenyeji, mko upande wa Filemoni

Filemoni alikuwa na nyumba, alikuwa na kanisa sebuleni, na alikuwa na kila sababu ya kufunga mlango. Paulo alimwomba ampokee Onesimo vile angempokea Paulo mwenyewe, na amwone kuwa zaidi ya mtumwa, ndugu mpendwa.

Sisi tunawaambia wageni wasimame, tunawapigia makofi, tunawapa chai, kisha Jumapili ya tatu hakuna anayekumbuka jina. Makofi si ushirika. Wewe unayejua fundi anayetafuta msaidizi, sema. Wewe mwenye chumba kimebaki wazi kwa ploti yako, fikiria kama kweli huwezi kumruhusu ndugu alipe depositi kidogo kidogo. Sijasema uweke sahihi kila fomu inayokuja. Mithali bado iko kwa Biblia. Nasema mwite mmoja wao kwako baada ya ibada, ale, na ujue kwao ni wapi. Mtu akiuliza jiji hili nani anamjua, liwepo jina lako.

Kama umesoma hadi hapa na moyo unakugonga, usingoje Jumapili. Omba hivi mahali ulipo:

"Bwana Yesu, nimekuja kwako vile nilivyo. Nimetenda dhambi, na deni langu siliwezi. Naamini ulikufa kwa ajili yangu na ukafufuka. Nisamehe, uwe Bwana wa maisha yangu, na unipe ujasiri wa kurudi pale nilipoharibu. Amina."

Ukiwa umeomba hivyo, mwambie mhudumu yeyote mlangoni Jumapili. Atachukua jina lako tu, ili tukuombee na tukutembelee. Hutaulizwa depositi.

Mungu awabariki.