Aliyehesabu Nyuzi

Mwana akibebwa hutazama kisogo cha nina. Methali hii hunijia kila nikiwafikiria wasichana wa Kinavajo, kule kusini-magharibi mwa Marekani, ambako ukoo hufuata upande wa mama, na mtu akijitambulisha huanza kwa kutaja ukoo wa mama yake. Wazee wao husimulia kwamba aliyewafundisha kufuma ni Mwanamke Buibui, mwenye makao juu ya nguzo ya mwamba katika bonde la Canyon de Chelly. Mfumaji hukaa mbele ya kitanda cha kufumia bila mchoro. Huhesabu nyuzi za mtande kwa ncha ya kidole, hupitisha mshindio, kisha huushindilia kwa kitana cha mti. Zulia zima limo kichwani mwake kabla halijaonekana. Hiyo ni hisabati.

Ndiyo maana naumia nikikumbuka Shiprock, New Mexico. Mwaka 1965 kampuni ya Fairchild ilifungua kiwanda huko, na kwa miaka kumi wanawake wa Kinavajo, mamia kwa mamia, walishinda wameinamia hadubini wakiunda saketi za kompyuta. Walisifiwa sana. Kijitabu cha kampuni cha 1969 kililinganisha nakshi za zulia na mistari ya saketi. Lakini sifa ziliishia vidoleni. Saketi zilibuniwa kwingine, na watu wengine. Mwaka 1975, baada ya wanaharakati kukivamia na kukikalia, kiwanda kikafungwa na ujira ukakatika.

Kwa hiyo mhandisi wa Kinavajo anaposimama leo kuwadaia wadogo zake nafasi, haombi hisani. Anadai kalamu ya kubuni, maana kuhesabu walikwisha kufundishwa na bibi zao. Aliyemtangulia yupo: Mary Golda Ross, Mcherokee, aliyeajiriwa na kampuni ya ndege ya Lockheed mwaka 1942, akawa mmoja wa wahandisi 40 wa kwanza wa kitengo cha siri cha kampuni hiyo.

Na mwaka 1994 Marilou Schultz, mfumaji wa Kinavajo na mwalimu wa hisabati, alipewa picha ya chipu ya Pentium. Akaifuma kwa sufu, mstari baada ya mstari. Zulia hilo likawa zawadi kwa chama cha wanasayansi na wahandisi wa wenyeji asilia wa Marekani. Safari hii jina la mfumaji limeandikwa.