Je, Kabati la Baba Livuke Bahari?

Siku moja alitujia mama mmoja kijana wa hapa Lubumbashi, mwuguzi kwa kazi yake. Mume wake alikuwa amekwisha kutangulia Ubelgiji, katika mji wa Liège, na sasa karatasi zake yeye na za watoto wawili zilikuwa tayari. Tukadhani amekuja kutuaga. Kumbe alikuwa na neno jingine. «Baba zangu,» akasema, «nataka kulichukua kabati la marehemu baba. Mume wangu hataki, mjomba hataki, ndugu yangu mdogo amekasirika kabisa. Ninyi mwaonaje? Je, nakosa?»

Msicheke. Kabati lile twalijua. Baba yake alikuwa seremala, alijifunza kazi kwa Mabruda, akalitengeneza mwenyewe kwa ajili ya arusi yake, bila msumari hata mmoja, ubao mmoja umeingia ndani ya mwingine. Limesimama Katuba, katika nyumba ya mamake, tangu kabla binti huyu hajazaliwa. Alijifunza kutembea akilishika.

Zamani swali lake lilikuwa swali la wageni tu. Wamisionari wa kwanza waliokwenda Tanganyika walitoka pwani kwa miguu, na mali yao ilifungwa katika mizigo ya kilo 30 hivi, kipimo cha mabega ya mpagazi. Kitu kisichogawanyika kwa kipimo hicho kilihitaji watu wawili au wanne wenye mti mabegani. Baadaye likaja gari la moshi. Tangu 1931 masanduku ya watu wa Katanga yaliweza kufika baharini huko Lobito kwa reli ya Benguela. Halafu mwezi wa saba 1960 wazee wetu waliona jamaa nyingi za Wabelgiji zikivuka mpaka kwa motokari kwenda Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, zikiacha nyuma vyombo zilivyovileta kwa gharama kubwa kutoka ng'ambo. Siku hizi wanaohama ni watoto wetu, na swali limekuwa letu.

Basi tulianza na hesabu, maana hesabu haina machozi. Kabati lina urefu wa mita 2, upana wa mita 1 na nusu, na kina cha sentimita 60. Hizo ni mita za ujazo 2 kasoro kidogo. Lakini kabati halisafiri uchi. Latiwa ndani ya sanduku la mbao lenye nafasi ya kuzuia mikwaruzo, na sanduku hilo lapata mita 2.20 kwa 1.70 kwa 0.80, yaani karibu mita za ujazo 3. Melini, mzigo mkubwa usiojaza kontena hulipiwa kwa nafasi unayoshika. Kwa hiyo angelipia mita nzima na zaidi ya hewa! Kwa ndege ni vibaya zaidi: mita moja ya ujazo huhesabiwa kama kilo 167, hata kama ndani mna manyoya tu, na sanduku lake lingehesabiwa kilo 500.

Tena mbao za sanduku zenyewe zina sheria yake, kwa ajili ya wadudu wanaojificha ndani. Mbao za kufungia mizigo ya ng'ambo sharti zitiwe joto la nyuzi 56 mpaka moyoni kwa dakika 30, kisha zipigwe mhuri. Jirani akikupigia sanduku zuri kwa mbao za sokoni zisizo na mhuri, bandari ya Ulaya yaweza kulikataa, ijapokuwa kabati lililomo halina dosari.

Halafu njia. Kamio hadi Kasumbalesa, kisha Zambia, kisha Tunduma, kisha Dar es Salaam, na hapo ndipo bahari inaanza. Kuanzia mwisho wa 2023, kwa sababu ya mashambulio katika Bahari ya Shamu, meli nyingi ziliacha njia ya Suez zikazunguka kusini mwa Afrika, na safari ikaongezeka siku nyingi. Bandarini Antwerp kuna duane, kuna ghala ambalo siku zake huhesabiwa mojamoja, kuna kamio nyingine. Mwisho kuna nyumba. Katika nyumba nyingi za mijini kule ngazi ni nyembamba mno, hata watu hukodi ngazi ndefu yenye mashine, ikasimamishwa barabarani, na vitu vikaingizwa kwa dirisha. Mume wake alikuwa amekwisha kuandika: dirisha letu ni dogo.

Tulipofika hapo wengi wangetoa shauri mara moja. Mali ni upuuzi, wangesema, aliache, ashike njia. Sisi hatukupenda kusema hivyo upesi. Tumeona kwamba wapendao kusema mali ni upuuzi mara nyingi husema juu ya mali ya mwenzao. Mtu si malaika. Ana mikono na macho, na akiwa ugenini, katika baridi, kati ya watu ambao lugha yao hajaizoea, kitu kimoja kilichoguswa na baba yake chaweza kumshikilia. Twamjua mshonaji mmoja aliyekwenda Canada pamoja na cherehani yake nzito ya kukanyaga. Ndugu walimcheka kwamba abeba chuma cha kale. Kumbe umeme wa nyumba za kule ni volti 120, wa kwetu ni 220. Waliochukua cherehani za umeme kutoka huku walihitaji chombo kingine cha kugeuza umeme, bali ile ya kwake haikuomba ila mguu. Yule alifanya vizuri, wala hatuoni kwa nini mtu amlaumu.

Mjomba naye alikuwa na neno lake. Alisema gharama ya kabati yatosha karo ya watoto wake wawili kwa mwaka mzima. Hapa yafaa tuseme wazi: fedha ilikuwa mshahara wa binti, aliuweka mwenyewe kwa kulala zamu za usiku. Mjomba ahesabuye mfuko wa mpwa wake kabla hajaulizwa hatumsifu. Hata hivi neno lake halikuwa la bure. Zamani mwenye sanduku aliiona shingo iliyolibeba. Alimwona mpagazi akitua, akipangusa jasho. Lakini tarehe 26 mwezi wa nne 1956 meli Ideal X ilitoka Newark kwenda Houston, huko Marekani, imepakia makontena 58, na tangu hapo kazi ya bahari ikageuka. Siku hizi kontena laweza kufungwa mlangoni pako na kufunguliwa ng'ambo, nawe huoni mtu hata mmoja akilemewa. Je, uzito umekwisha? Haukwisha. Umehamia ndani ya nyumba, katika vitabu vya watoto na katika sufuria, na huko hauonekani upesi.

Jambo moja la bahari lilimpendeza sana, nasi twalieleza kwa sababu wahamao wengi hawalijui. Tangu zamani za kale, meli ikiwa hatarini na mizigo ya mmoja ikitupwa majini ili meli iokoke, wote ambao mali yao imeokoka huchangia hasara yake. Ni sheria iliyotajwa kwa jina la kisiwa cha Rodo, na kaisari Yustiniano aliiweka katika vitabu vyake vya sheria katika karne ya 6. Ingali ipo. Mwaka 2021, tarehe 23 mwezi wa tatu, meli kubwa Ever Given ilikwama katika mfereji wa Suez siku sita, na mwenye meli akadai mchango huo kwa wenye mizigo wote. Sheria hiyo haichagui: mwenye kabati moja na mwenye makontena mia huchangia kila mmoja kwa kadiri ya thamani ya mali yake, na asiyetoa dhamana, wala bima yake haikumtolea, mzigo wake huzuiliwa. «Basi nitawalipia watu nisiowajua?» akauliza. Ndiyo, nao watakulipia wewe. Akacheka. «Ni kama likelemba,» akasema.

Juu ya bima tulimwambia maneno machache tu. Bima hulipa bei ya mbao. Mkono wa baba haumo katika orodha yao.

Na kumbe orodha ndiyo iliyoleta shida. Mtu ahamaye huandika kila kitu anachochukua, akatia sahihi yake. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, sheria nambari 1186 ya mwaka 2009 yamruhusu mtu aliyekaa nje kwa miezi 12 au zaidi kuingiza vitu vyake bila kodi ya duane, mradi viwe vyake kweli, na vile vya kudumu awe amevitumia kwake kwa muda wa miezi 6 angalau kabla ya kuhama. Pombe na tumbaku hazimo katika ruhusa hiyo. Tena vitu vyenyewe haviwezi kuuzwa wala kuazimishwa katika miezi 12 ya kwanza bila kuwapasha habari watu wa duane. Mnajua wenyewe yanayotokea kwetu mtu anapofunga safari: shangazi aleta vitenge dazani tatu, rafiki aleta katoni, kila mmoja asema ni kidogo tu, weka pembeni. Vitenge dazani tatu si vyombo vya nyumba, ni biashara, na atiaye sahihi si shangazi.

Tulipotaja miezi 6 ya kutumia, binti alinyamaza. Tangu aolewe, miaka tisa sasa, amekaa Kampemba na mumewe. Kabati liko Katuba. Katika miaka hiyo tisa hakuweka humo hata kitambaa kimoja. Kisha akasema, «Lakini nani atajua?»

Ni kweli, hakuna ambaye angejua. Mtu wa duane wa Antwerp hatakuja Katuba kuuliza majirani. Wala hatukutaka kumtisha kwa duane. Tulimwambia tu kwamba kipimo kile twakiona ni kizuri, hata pasipo bahari. Sheria haikuuliza nani amelilia kitu, wala nani ana fedha ya kukisafirisha. Imeuliza nani anakitumia. Basi nani alitumia kabati? Humo mamake aliweka nguo zake, dawa zake za presha, cheti cha ndoa, na karatasi za ubatizo za watoto wote.

Ndugu yake naye alikuwa akipiga kelele kwamba kabati ni lake kwa sababu yeye ni mwanamume wa nyumba. Huyo pia amekosea. Sheria ya Jamaa ya Kongo ya mwaka 1987 yawafanya watoto wa kike na wa kiume kuwa warithi sawasawa, nayo yamwachia mjane haki ya kuitumia nyumba aliyokaa na mumewe, pamoja na vyombo vilivyomo. Wawili hawa waligombana miezi miwili, wakaleta wazee, wakanuniana katika matanga ya jirani. Tukamwuliza, «Na mama asemaje?»

Akatutazama. «Hatujamwuliza,» akasema.

Hilo ndilo lililotuhuzunisha, kuliko gharama. Twaogopa kwamba hata katika nyumba nyingine, mtu anapojitayarisha kuhama, wanaobaki wahesabiwa kama watu waliokwisha kumaliza maisha yao, na vitu vyao kama vitu vya ukumbusho. Watu huanza kugawana kumbukumbu za mzee ambaye angali anafungua mlango wa kabati kila asubuhi! Mwenye kuondoka atazama mbele, kwa hiyo asahau kwamba nyuma yake siku bado zaendelea. Hatumlaumu sana. Kuhama kwatia kizunguzungu. Lakini tulimwambia aende Katuba jioni ileile, peke yake, bila ndugu wala mjomba.

Alikwenda. Mamake alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza neno moja, «Nguo zangu nitaziweka wapi?» Habari ya kabati ikaisha hapo. Binti akapewa randa ya marehemu, ile ndogo, mbao yake imelainika mahali pa kidole gumba. Akaitia katika valizi katikati ya nguo za watoto, na valizi haikuzidi kilo 23. Fedha iliyobaki alimpa mjomba sehemu, kwa hiari yake. Sehemu nyingine hakumpa, nasi twasema alifanya vema.

Miezi mitatu baadaye tulipata habari yake kutoka Liège. Ndugu yake alikuwa amenunua moto kwa mkopo, ameshindwa kulipa, na sasa alimtafutia kabati mnunuzi. Alimwandikia dada yake kwamba wewe mwenyewe ulikubali kwamba si lako. Akatuomba tuende kutazama.

Tulikwenda Jumapili. Mama alituwekea viti, akatupa chai na mihogo, akauliza habari za watu wote wa parokia mmoja mmoja. Juu ya kabati hakusema neno. Lakini tuliona kwamba milango yake miwili imetiwa kufuli kubwa jipya, na ufunguo umefungwa katika pindo la kitenge chake.