MPAKA HAUGEUZI NENO LA BABA

Somo: Yeremia 35:1-19



Sisi watu wa Nundu ni watu wa safari. Wengine wanapanda gari kwenda Uvira na Bujumbura. Wengine wanavuka ziwa mpaka Kigoma. Tangu vita ya mwaka 1996 wengi walikimbilia kambi ya Nyarugusu, na kutoka kule wametawanyika mpaka Marekani na Kanada. Na kila inchi wanakofika, wanakuta sheria nyingine ya pombe.

Tazameni pombe moja tu, ile kali inayopikwa nyumbani. Kwetu ni kanyanga ama lutuku. Ukivuka ziwa, Tanzania wanaiita gongo, na kuipika ama kuiuza ni kosa. Kenya wanaiita chang'aa. Ilikatazwa kule miaka mingi, halafu sheria ya mwaka 2010 ikairuhusu kwa mwenye leseni anayefuata kipimo cha serikali. Sheria ile ile iliamuru baa za Kenya zifunguliwe siku za kazi tangu saa kumi na moja jioni mpaka saa tano usiku. Nayo Tanzania, tangu tarehe 1 Machi 2017, ilipiga marufuku viroba, pombe kali ya vifuko.

Hata miaka ya mnywaji inageuka. Kanada, mji wa Gatineau na mji wa Ottawa vinatengwa na mto tu, lakini upande mmoja kijana wa miaka 18 anauziwa, upande wa pili lazima afikishe 19. Marekani ni 21, kufuatana na sheria ya mwaka 1984, na muuzaji anaomba kitambulisho hata kwa mtu aliye na ndevu. Ndugu zetu wengi waliandikishwa kambini kwamba walizaliwa tarehe 1 Januari, sababu siku yenyewe haikujulikana. Basi mbele ya muuzaji, miaka yako ni ile iliyoandikwa, si ile anayoikumbuka mama yako.

Kijana mmoja aliyeimba katika korali yetu alinipigia simu usiku kutoka kule. Alikuwa na miaka 20. Polisi walimkuta na chupa, na karte aliyonunulia ilikuwa ya rafiki yake. Alilia akasema: "Baba, huko nyumbani hakuna aliyeniuliza karte."

Wandugu, neno lile lilinichoma. Alisema kweli. Tangu akiwa na miaka kumi tulimtuma kununua bia ya wageni, akakimbia na chupa mikononi, nasi tukamsifu kwa mbio zake. Mimi ni mmoja wa waliomtuma. Leo serikali ya kigeni inamfundisha kwa hukumu neno ambalo sisi wazazi tulipaswa kumfundisha kwa upole.

Sasa tuwatazame wana wa Rekabu. Walikuwa watu wa hema, wageni katika inchi. Jeshi la Nebukadreza lilipokuja, walikimbilia Yerusalema. Walikuwa wakimbizi kama sisi! Nabii Yeremia akawaingiza katika nyumba ya Bwana, akaweka mbele yao vyungu vya divai na vikombe, akawaambia wanywe. Fahamuni vizuri: mahali palikuwa patakatifu, aliyewakaribisha ni nabii, na hakuna sheria ya mji iliyowazuia. Lakini walikataa. Baba yao Yonadabu aliwaagiza wasinywe, nao walishika agizo lake zaidi ya miaka 200, bila polisi, bila karte, bila mlinzi mlangoni. Mungu akawasifu mbele ya Yuda yote.

Mtu anayeongozwa na ruhusa peke yake atakuwa mtu mwingine kila bandari. Nundu atakunywa sababu haulizwi. Kigoma atajificha sababu anaogopa. Marekani atahesabu siku mpaka afikishe 21, halafu aanze kulewa kwa haki yake. Sheria inaweza kufunga duka, lakini haiwezi kufunga kiu ya moyo.

Je, tudharau sheria za watu? Hapana! Warumi 13 inatufundisha kutii wenye mamlaka. Kwa hiyo, msafiri, uliza sheria ya inchi mbele ya kuvuka. Usibebe mzigo wa mtu bila kujua kilichomo. Usimkopeshe mwenzako karte yako, wala usidanganye miaka yako. Aliye kule Marekani akumbuke kwamba kuendesha gari akiwa amelewa kunaweza kumletea gereza na kumzuilia uraia.

Na sisi tuliobaki, wazazi: tangu leo mtoto asitumwe tena kununua pombe. Tuketi naye jioni, tumpe neno la kusafiri nalo. Franga zitakwisha njiani, nguo zitachakaa, lakini neno la baba litavuka pamoja naye.

Kijana yule tunamwombea kila Jumatano. Yeyote mwenye mtoto ng'ambo, alete jina lake mbele ya Bwana.

Ee Mungu wa Yonadabu, utusamehe sisi wazazi, na uwalinde watoto wetu katika inchi za ugeni. Amina.