Lipu na Ufa

Nina swali. Fundi wa lipu akikuta ukuta una ufa, na msimamizi akamwamuru, "Funika tu," kosa ni la nani?

Vijana wa wilaya yetu ya Kilosa huenda Mikumi, katika chuo cha VETA, mamlaka iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1994, wajifunze ufundi. Kazi ya lipu ina mambo yake: mchanga uchekechwe, ukuta uloweshwe kwanza, usije ukanyonya maji ya simenti, lipu nayo imwagiliwe siku kadhaa, isikauke upesi ikapasuka. Hayo mkono huyazoea. Lakini fundi huyu ana jaribu lake. Kazi yake yafunika kazi za wenziwe, na tofali bovu hupotea chini ya mwiko wake.

Wengine husema, "Yeye ametii tu." Mimi sikubali, kwa kuwa aliyeuona ufa ni yeye. Walakini namhurumia, kibarua akinena, kesho huitwa mwingine. Na sisi wenye nyumba, je, hatutaki ukuta ung'ae kwa fedha kidogo?

Mto Mkondoa ulipofurika hapa Kilosa, Desemba 2009 hata Januari 2010, nyumba nyingi zilianguka, na watu wakalala katika mahema.

Kijana mmoja fundi aliniuliza afanyeje. Nikamjibu, "Mwite mwenye nyumba auone ufa kwa macho yake." Akacheka: "Mchungaji, yuko Dar es Salaam." Nikampa simu yangu.